Kamera ya Miguu Mitatu

Mzungu akikuambia "nitakutumia picha", mshukuru, mpe mkono, kisha endelea na shughuli zako. Nasema hivi na mimi mwenyewe napiga picha kwa riziki. Nina studio ndogo hapa Majengo, mjini Moshi: kitambaa cha bluu ukutani, stuli moja, kioo cha wateja kuchania nywele. Watu wanakuja kupigwa za pasipoti na za kazi, na kabla sijamwangalia mtu usoni namwangalia mikono na mfuko aliobeba. Majirani wanasema nashuku hata kivuli changu, na sikatai. Basi Januari iliyopita mzee wa Kizungu alipoingia na fimbo, mgongo umepinda, nikamwonyesha stuli nikijua ni mtalii aliyepoteza hati zake. Hakukaa. Alisimama akinitazama, akasema "Aikaeli", taratibu, akilikata jina langu katikati vile vile alivyokuwa akilikata zamani. Nikakaa mimi kwenye stuli ya wateja. Na kabla sijamwambia karibu, kabla hata ya kumuuliza habari za safari, nikamuuliza kwa Kiingereza: "Picha ziko wapi?"

Anaitwa Yensi, au ndivyo ulimi wetu ulivyolipokea jina lake. Mwaka aliokuja mara ya kwanza nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo nyumbani kwetu mlimani, juu ya Bomang'ombe, ambako msichana anayesubiri hana kazi zaidi ya kukata majani ya ng'ombe na kusikiliza wakubwa wakiongea. Alikuwa amekuja kupanda mlima, goti likamgeuka hata hajafika mbali. Wenzake wakaendelea juu, yeye akateremshwa akiegemea mabega ya wapagazi, na mchungaji wetu akamleta kwa mama. "Mama Aika, una chumba, na binti yako anajua Kiingereza. Kaa naye mpaka goti likae sawa." Mama hakuwahi kumkatalia mchungaji kitu, ila alipomaliza kusema ndiyo aliniita jikoni akaninong'oneza, "Mtu anatoka Ulaya kuja kuangalia mlima? Kwao hakuna milima?" Nikamwambia nilivyosoma kwenye jiografia, kwamba kwao, Denmark, ni tambarare tupu. Akafikiri kidogo. "Hapo sawa," akasema. "Lakini bado."

Tulimpa chumba cha mbele, ambako marehemu baba alikuwa akiweka magunia ya kahawa, na harufu ya kahawa haikuwahi kutoka humo hata mama alipopiga deki kwa sabuni ya unga. Kulikuwa na kitanda cha mbao, godoro lililobonyea katikati, na dirisha linalotazama mfongo, yaani mfereji wetu wa maji unaokatiza kwenye migomba. Asubuhi alipelekewa uji na ndizi za kuchoma, jioni mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama, kwenye sahani ya maua ambayo mimi sikuwahi kuitumia hata siku ya kipaimara changu. Na kabla ya kula, jamani, alikuwa anakipiga picha chakula! Siku hizi wajukuu zangu hawagusi chipsi mpaka wazipige, lakini wakati ule hatukuwahi kuona jambo kama hilo. Mama alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Anapiga mtori wangu akawaonyeshe nini wenzake? Kwamba tunamlisha uji wa ng'ombe?" Nikamtafsiria Yensi kwamba mama anauliza kama chumvi imekolea. Akasema imekolea sana, asante. "Amesema nini?" "Anasema ni kitamu, mama." Mama akaniangalia kwa jicho la pembeni, maana alikuwa ameyahesabu maneno ya Yensi na yangu akaona hayalingani.

Goti lilipopata nafuu akaanza kutembea. Mama akanipa kazi: "Mshikie ile miguu yake, fuatana naye. Kila anachopiga, nataka kukijua." Miguu yenyewe ilikuwa kile kigoda chake cha chuma cha kusimamishia kamera, miguu mitatu inayorefuka na kufupika. Nilikibeba begani kila alikokwenda. Tulikwenda kwenye maporomoko ya maji, tukaenda kanisani akapiga madirisha, tukateremka sokoni Bomang'ombe akapiga mafungu ya nyanya na kwato za ng'ombe. Mara nyingine alinipa nichungulie mwenyewe kwenye tundu, na ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba ukisogea hatua moja tu, kitu kile kile kinakuwa kingine. Raha niliyoipata siwezi kuisimulia. Lakini watu hawakuona raha yoyote. Kule Bomang'ombe walikuwa wamezoea kuona chombo kama kile kwa wapima ardhi, na mpima ardhi akishasimamisha miguu yake mitatu mahali, watu wanajua kuna mtu atahamishwa. Tulipopita, maongezi yalikatika. Wanawake waliokuwa wakiniita kwa jina tangu nazaliwa walinijibu "marahaba" bila kuinua kichwa.

Mbaya kuliko wote alikuwa baba mdogo Ndesario, mdogo wake baba. Kihamba chake, yaani sehemu yake ya shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilipakana na chetu. Jioni moja nakata majani nyuma ya kahawa, nikamsikia akiongea na mwenzake, kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, katikati yao. "Yule ni Mjerumani," akasema. Mwenzake akasema amesikia anatoka Denmark. "Wote wanasema hivyo, mbe! Ulitaka aje ajitangaze? Wajerumani walipokimbia vita hawakubeba mali, waliizika. Sasa wajukuu wanarudi na ramani, wanajifanya watalii wa goti bovu. Umeona mtalii gani anapiga picha mawe?" Mwenzake akacheka. Baba mdogo hakucheka. "Na shemeji yangu anajua. Mjane halishi mtu mtori wa nyama kila siku bure." Nikabeba fungu langu la majani nikarudi nyumbani. Kusema kweli na mimi wasiwasi ulinipata, maana ni kweli alikuwa anapiga mawe. Usiku nilimwangalia Yensi anavyofuta kioo cha kamera kwa kitambaa, kwa upole ule wa kumfuta mtoto pua, nikajiuliza ni nini hasa kinachostahili upole wote huo.

Siku chache kabla hajaondoka mama aliniita, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akasema, "Muulize Mzungu wako kama kamera yake inaweza kupiga mtu aliyekufa." Nilishtuka. Akaendelea bila kuniangalia: "Baba yako hakuwahi kupigwa picha. Hata moja. Naanza kuisahau sura yake, Aika, na naogopa. Basi apige pale alipolala, nipate kitu cha kuweka ukutani." Baba alizikwa kwenye kona ya juu ya kihamba, pale mfongo unapopinda, kando ya jiwe kubwa lenye mti mchanga wa mringaringa nyuma yake. Hakukuwa na saruji wala msalaba, ila masale mawili tu, moja kichwani na moja miguuni. Isale ni ule mmea wetu wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Na mtu aliyekukosea akikuletea jani lake mkononi, ameomba msamaha, na kwa Mchagga huna ruhusa ya kumkatalia. Mama alikuwa amekwisha kutuambia wote, kila Krismasi, mpaka tumechoka: "Siku yangu ikifika, mnilaze hapo, mkono wake wa kushoto, kama tulivyokuwa tukilala." Hicho tu ndicho alichokitaka duniani. Hakuwahi kuomba nyumba ya bati jipya wala kitenge.

Yensi aliposikia ombi lile alivua kofia. Akasimamisha miguu yake mitatu mbele ya jiwe, akaomba aonyeshwe mwisho wa kaburi ni wapi ili aliweke lote ndani ya picha. Mama akalitembea, hatua kwa hatua, kutoka isale hadi isale, akinyoosha mkono: kichwa huku, miguu huku. Yensi akarudi nyuma, akasogea, akainama, akapiga, akapiga tena. Nikageuka, nikamwona baba mdogo ng'ambo ya mpaka, amesimama kati ya migomba na panga lake, anatazama. Alichokiona ni mjane anampimia Mjerumani ardhi kwa hatua, kando ya jiwe kubwa, mbele ya chombo cha wapima ardhi. Nilimwambia mama tumweleze. "Nimweleze nini?" akang'aka. "Kwamba nimeisahau sura ya mume wangu? Nimwambie yeye? Thubutu!" Yensi akaondoka wiki ile ile. Alimshika mama mikono yote miwili akasema atatuma picha, ile ya kaburi ya kwanza kabisa.

Kisha ikaja Jumapili ya mavuno. Wasiomjua Mlutheri wa mlimani hawajui mnada wa mavuno unavyokula siku: ibada inaisha, ndipo mikungu ya ndizi, kuku, mayai na ndoo za maziwa zinapigwa mnada uwanjani, na jogoo mmoja anaweza kununuliwa na kurudishwa mpaka jua limeinama. Baba mdogo hakuonekana kanisani, naye alikuwa hodari wa kupandisha bei kuliko wote. Tuliporudi mama alikuwa mbele yangu na kabichi aliyoinunua. Nikaisikia kabichi inaanguka. Kona ya juu yote ilikuwa imefukuliwa, shimo huku, shimo huku, migomba imekatwa, jiwe limepinduliwa na kuviringishwa hadi kwenye mfongo, masale hayapo. Mama alipiga magoti kwenye udongo ule akaanza kuurudisha kwa mikono, amevaa gauni lake jeupe la kwaya. Baba mdogo akaja na mikono iliyooshwa. "Fuko," akasema. Mama akamwangalia. "Fuko gani anachimba kwa sululu?" "Basi ni watu wa Mjerumani wenu. Si mlimleta wenyewe?"

Wazee wa ukoo waliitwa. Walikaa sebuleni kwetu kwenye viti vya kuazima, wakanywa chai na magimbi, wakauliza swali moja tu: nani amefukua kaburi la mtu? Maana hilo si jambo la faini, hilo linafuata kizazi. Ndipo baba mdogo akainuka, sauti imetulia kabisa. "Hakuna kaburi lililofukuliwa. Kaka yangu amelala kule chini, siyo pale. Nilimchimbia mwenyewe. Shemeji siku ile alikuwa analia, angeona nini?" Niliwaona wazee wakishusha pumzi. Uongo ule ulikuwa nafuu kwa kila mtu mle ndani isipokuwa kwa mwanamke mmoja. Nikasema mimi nalijua kaburi, nimelipalilia tangu mdogo. Mzee mmoja akaniambia kwa upole niende nikaongeze maji kwenye birika. Kabla ya Noeli baba mdogo alikuwa amepanda masale kule chini, safi, yamenyooka, na masika yakaja yakasawazisha mashimo ya juu. Lile jiwe alilipasua akalijengea msingi wa banda la ng'ombe. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tunaangalia mgeni.

Tangu hapo mama alibaki na neno moja: "Ingekuwepo ile picha." Kila Jumapili baada ya ibada alipita ofisi ya usharika kuuliza kama kuna bahasha kutoka ng'ambo. Makarani walibadilika, wachungaji walibadilika, yeye akauliza. Ukoo ukaanza kusema ana matatizo kichwani, maskini, mjane aliyesahau kaburi la mumewe. Watoto wa baba mdogo waliweka maua kule chini kila Pasaka, lakini mama hakukanyaga. "Msinizike kwenye masale ya Ndesario," aliniambia, "nitatoka." Nadhani ndiyo sababu nilipopata mahali pa kujifunza kazi mjini nilichagua hii na siyo ushonaji. Mteja wangu haondoki bila picha yake mkononi. Hata kama umeme umekatika tunasubiri wote, anakunywa soda, mpaka atoke nayo.

Sasa mnaelewa kwa nini sikumwambia Yensi karibu. Alifungua mfuko wake kwenye kaunta, akatoa bahasha ngumu. Akasema zamani zile aliituma kwa anwani ya usharika, labda ilipotea posta. Nikafunga studio, tukapanda mlimani siku ile ile. Mama yuko sebuleni na sweta lake, macho yameingiwa na ukungu, haoni zaidi ya mwanga wa dirisha. "Shikamoo, mama," Yensi akasema, vizuri tu. "Marahaba," mama akajibu, kama vile mtu alitoka jana. "Aika, muulize zilikuwa wapi." Nikamuuliza. Akasema alihama nyumba, sanduku likapotea, binti yake ndiye aliyelikuta. Hadithi mbili kwa mchana mmoja! Nikamtafsiria mama zote mbili bila kuongeza chumvi. "Achana naye," akasema. "Nisomee picha."

Nikaishika karibu na dirisha. Ilikuwa kubwa, nyeusi na nyeupe, kila kitu kimekaa wazi. "Jiwe lipo?" "Lipo, mama." "Mfongo?" "Umepinda mbele yake, mkono wa kulia." "Mringaringa?" "Nyuma ya jiwe. Mdogo bado, lakini ndio huu huu, lile tawi lake la chini linaonekana." "Masale?" "Yote mawili." Akanishika mkono. "Sasa angalia chini. Kwa Ndesario. Kuna masale?" Nikatoa kioo changu cha kukuzia nilichokuja nacho, nikapitisha kona ile yote polepole, maana sitaki kumdanganya mama hata kwa mapenzi. "Hakuna kitu. Migomba tu." Mama akaweka kiganja juu ya picha akaipapasa, akalia kwa sauti kama mtoto. "Sasa nilikuwa kichaa?" akasema. "Aika, nilikuwa kichaa?" Na mimi nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Jioni nilivuka mpaka. Baba mdogo alikuwa anaota jua la mwisho nje ya banda, juu ya msingi wa lile jiwe. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, Aika." Nikampa picha. Aliiangalia kwa muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Siku hizi picha zinatengenezwa," akasema mwishowe. "Kwenye kompyuta." Lakini alikuwa bado anaitazama nilipoichukua picha yangu nikarudi.

Kesho yake tunakunywa chai tukasikia fimbo uani. Baba mdogo akaingia bila kofia, na mkononi ameshika isale. Mzee wa umri wake habebi jani lile hivi hivi. "Shemeji," akasema. Mama akaniuliza kashika nini, nikamwambia. Hakunyoosha mkono. Huruhusiwi kukataa isale, lakini hakuna aliyesema ulipokee haraka.

"Umelichuma wapi?" mama akauliza.

"Kule chini. Nilikopanda mimi."

"Na kwa nini ulipanda kule?"

"Nilikuwa natafuta mali, shemeji. Sululu ikagonga ubao. Nikajua ni kaka. Nikaogopa, nikafukia."

Mama akachezea ncha ya kanga. "Ulivunjika?"

"Ubao? Hapana. Nakuapia. Uligongwa tu."

Mama akanyoosha mkono, akalipokea jani. "Haya," akasema. "Nenda kayang'oe yote kule, uje uyapande huku. Penyewe."

Tulisimama wote kwenye kona ya juu. Nililinganisha picha na mpindo wa mfongo na mringaringa, ambao sasa ni mti mzima, mpaka vikakaa sawasawa, nikachora mstari kwa kisigino. Vijana wa baba mdogo walichimba, yeye akapanda kwa mkono wake. Mama alikuwa kwenye kiti, amepakata lile jani. Kisha kikasikika kitu cha chuma kikijinyoosha, kwikwi, kwikwi, na mama akainua kichwa. Macho hayapo lakini masikio yapo. "Nani anafungua ile miguu?" "Yensi, mama. Anataka kuwapiga picha, wewe na baba mdogo." "Mwambie aifunge. Apumzike, apewe ndizi, ametoka mbali. Piga wewe, Aika. Yako najua itakuwa ukutani kesho."

Nilipiga. Kesho yake ilikuwa ukutani. Masika yalipoanza tulimlaza mama pale, mkono wa kushoto wa baba, na masale yalikuwa yameshashika mizizi. Yensi alipopata habari aliniandikia kwenye simu, pole ndefu, nzuri, na mwisho akaniomba nakala ya picha ile ya wazee wawili. Nimemjibu kwamba nitamtumia.